Miaka 26 Kabla ya Wiki Moja

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, habari za jioni. Na nyinyi wanangu mliokaa mbele na karatasi zenu za mashairi mapajani, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya Zuchu, mwimbaji wa bongo fleva. Mwanafunzi wangu aliyeniletea ujumbe huo alikuwa akirukaruka kwa furaha. Akaniambia, "Mwalimu, waeleze alivyotoka kwa wiki moja tu." Nikamjibu kuwa nitakuja, na hiyo wiki moja nitaieleza. Lakini kuna miaka 26 iliyoitangulia hiyo wiki, na jioni ya leo mimi nimekuja hasa kwa ajili ya hiyo miaka.

Wiki yenyewe kwanza, tuimalize. Aprili 2020 lebo ya WCB Wasafi, iliyo chini ya Diamond Platnumz, ilimtambulisha msanii wake mpya, binti wa Kizanzibari, Zuhura Othman Soud, ndiye huyu Zuchu. Siku zile mnazikumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alikuwa ametangazwa katikati ya Machi, shule zimefungwa, watu wamo majumbani na simu zao. Binti akaja na EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo 7. Wiki haijaisha vizuri, chaneli yake ya YouTube ikawa na wafuasi 100,000. Mwaka huohuo tuzo za muziki wa Afrika za AFRIMMA zikamtaja kuwa msanii chipukizi. Januari 2021 akaachia "Sukari", na tangu hapo ukienda harusini utaisikia, ukikaa saluni utaisikia, ukipanda daladala utashuka nayo mdomoni.

Hiyo ndiyo wiki, pamoja na miezi yake michache. Sasa twende nyumbani kwao.

Zuhura alizaliwa Zanzibar tarehe 22 Novemba 1993, na mama yake ni Khadija Omar Kopa. Naona wakubwa wameshaanza kutabasamu. Nyinyi vijana, ngoja niwaeleze kwa nini wanatabasamu.

Khadija Kopa, mwimbaji wa taarab, alianzia hapa kwetu Zanzibar, katika kundi la Culture Musical Club. Hicho ni chuo, ingawa hakina vyeti. Pale mwimbaji hufundishwa kusubiri fidla zimalize, kumpa mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, nafasi yake, kuingia kwenye ubeti bila kuuvamia. Kisha akavuka maji akajiunga na TOT, Tanzania One Theatre, kundi lililoanza 1992 chini ya Kapteni John Komba. Upande wa pili walikuwapo kundi la Muungano, na Muungano walikuwa na mwimbaji wao Nasma Khamis, yule waliyemwita Kidogo. Makundi haya mawili yalipokuwa na mpambano, Dar es Salaam iligawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Bi Khadija anapasha, Bi Nasma anajibu, na wiki ijayo watu wanarudi kusikia jibu la jibu. Ile ndiyo miaka ambayo taarab iliinuka kitini ikaanza kucheza.

Nataka mwone kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa baada ya hayo.

Mama mmoja yuko meza ya nyuma. Amevaa dira, ameshika noti kwa ncha za vidole viwili, ameinua mkono juu kidogo ya kichwa. Anakuja mbele polepole, mabega yanakwenda na ngoma. Anafika kwa mwimbaji, na ile noti haitoi. Anasimama nayo. Anausubiri mstari wake, ule anaotaka mtu fulani mle ukumbini ausikie. Mwimbaji keshamwona. Mwimbaji mzuri anajua mama huyu anataka mstari gani, basi anauchelewesha, anarudia ule uliotangulia, anauvuta, anamtazama machoni, kisha anauachia. Hapo ndipo noti inatolewa, na yule mama anageuka taratibu, macho yanamtafuta mtu wake kule nyuma. Ukumbi mzima unapiga vigelegele, maana wote wameelewa na hakuna aliyetajwa jina.

Hapo mna darasa zima la uimbaji. Kumsoma msikilizaji, kujua neno lipi lina uzito, kulichelewesha, kulirudia bila kulichosha, kusema jambo bila kulisema. Mtoto anayelala na kuamka katika nyumba ya mwimbaji wa namna hii anayapata hayo kama anavyopata lafudhi. Hakuna anayemkalisha chini kumfundisha. Anasikia mama anapasha sauti asubuhi, anasikia watu wazima wanabishana sebuleni kuhusu neno moja la ubeti, anajua kuwa wimbo haushuki kutoka mbinguni, unatengenezwa kama chapati, unakandwa, unaachwa ulale, unasukumwa upya.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo, na hapa naomba wazazi mnisikilize.

Mimi nilikuwa muitikiaji. Tulikaa safu ya pili, wasichana kumi na moja, tumevaa sare, tumetua mikono mapajani, tunapokea kiitikio. Nilipofika miaka 17 kiongozi wetu alinichagua niimbe ubeti wangu mwenyewe, mbele, na kipaza sauti changu. Nilifanya mazoezi miezi mitatu. Nilikuwa nikiimba nikichota maji, nikiimba nikichambua mchele, nikiimba kimoyomoyo chuoni. Siku yenyewe, kabla hatujaingia ukumbini, ndugu mmoja wa familia akaja akanishika mkono. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Twende nyumbani." Kuitikia pamoja na wenzako ilikuwa haina neno, lakini kusimama peke yako mbele ya wanaume ilikuwa aibu ya ukoo. Nilikwenda nyumbani. Ule ubeti aliuimba mwenzangu, na mpaka leo naujua neno kwa neno.

Sisemi haya ili mnionee huruma. Nimefundisha sauti miaka mingi na nimeridhika. Nasema ili mjue mlango ule ulivyo mzito. Na haukuanza kuwa mzito kwangu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, muuza vyungu aliyekuwa akivinadi kwa sauti mpaka watu wakawa wananunua sauti pamoja na chungu, alipoingia mjini walimtungia kejeli. Walimwimbia kuwa alikuja na kaniki, na kwamba kama si sauti asingekuwa na cha kula. Yeye akajibu kwa nyimbo. Mwaka 1928 alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati ambapo wanawake wengi wa hapa walisikika nyuma ya pazia tu. Shaaban Robert, ambaye angeweza kuandika wasifu wa mtu yeyote, aliandika wa Siti.

Sasa mtazameni Zuhura katika mstari huo. Siti aliubomoa mlango. Khadija Kopa na wenzake wakausimamia usifungwe, na gharama yake walioilipa ni wao. Zuhura akazaliwa upande wa pili wa mlango. Hakuna aliyekuja kumshika mkono kabla ya shoo, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kumshika mkono, mama yake mzazi, alikuwa mwenyewe jukwaani. Watu wakitaja bahati yake wanataja jina la mama na watu anaowajua mama. Mimi naona bahati yake kubwa ni hii: alikua akimwona mwanamke anaimba kwa kazi, analisha watoto kwa kazi hiyo, anarudi nyumbani na heshima yake, anaswali, analala.

Na bado bahati hiyo haikutosha. Ingetosha, watoto wote wa waimbaji wangekuwa waimbaji, na tunawajua wangapi waliojaribu wimbo mmoja wakaacha.

Mwaka 2015 Zuhura alikwenda Lagos, Nigeria, kwenye shindano la kuimba la Tecno, Own the Stage. Fikirieni msichana wa miaka 21 kutoka visiwani, katika jiji lile lenye watu kama siafu, anasimama mbele ya majaji na kuimba mbele ya watu wasiolijua hata jina la mama yake. Kule jina la Kopa halifungui chochote. Alirudi, na miaka mitano ikapita kabla ya umma kumjua. Mitano! Mtu anayeanza darasa la kwanza leo, baada ya muda huo yuko la sita. Katika miaka hiyo wenzake wa rika lake walitoka, wengine wakavuma, wengine wakazimika. Na hata alipopokewa Wasafi hakutolewa siku ya pili yake. Alikaa jikoni kwanza, kama wasemavyo wenyewe, anarekodi nyimbo ambazo hazitoki, anasahihishwa, anarekodi tena.

Nawajua wanafunzi wangu. Wakirekodi wimbo mmoja Jumamosi, Jumapili wanataka uwe redioni, na Jumatatu wananiuliza kwa nini watu hawautazami. Kukaa jikoni kunauma. Unaona wengine wanapakua na wewe bado unachochea kuni, na hujui kama sufuria lako litateremshwa au litasahauliwa. Zuhura hakuwa na hati inayosema atatoka mwaka 2020. Alikuwa na kazi ya siku ile, basi.

Kile kilichopatikana jikoni kinasikika. Nitawaambia mimi kama mwalimu wa sauti ninasikia nini.

Mwimbaji wa taarab anaimbia ukumbi. Nyuma yake kuna fidla, akodiani, kinanda, ngoma, na sauti yake lazima ipite juu ya vyote hivyo imfikie mama wa meza ya nyuma. Kwa hiyo anaimba kwa kifua, anafungua koo, anashikilia irabu. Studio ni kinyume chake. Umefungiwa chumba kidogo, hedifoni masikioni, kipaza sauti kiko umbali wa kiganja, na kile kipaza sauti kinasikia mpaka mate ukimeza. Ukiimba kwa nguvu za ukumbini mle ndani, unamkwaruza msikilizaji. Lazima uipunguze sauti bila kuiua. Nimewaona waitikiaji hodari wakishindwa kabisa studio kwa sababu hiyo. Prodyuza anasema rudia, rudia, rudia, na kila akirudia anazidi kupiga kelele.

Msikilizeni Zuchu. Anaimba kwa sauti nyepesi, karibu na sikio lako, kama mtu anayekusemesha ukumbini wengine wasisikie. Hiyo ni bongo fleva, imejifunzwa. Lakini mwisho wa mstari, pale wengi wanapoacha neno lianguke, yeye analizungusha kidogo, analipandisha na kulishusha kabla ya kulitua. Ile mizunguko haifundishwi na kompyuta. Ile ni ya kwetu, imetoka sebuleni kwao. Na maneno yake yanatamkwa yakaeleweka, silabi kwa silabi. Mimi hilo nalipenda mno, kwa sababu siku hizi nasikia nyimbo za Kiswahili ambazo mimi Mswahili nahitaji kuandikiwa chini ndipo nijue zimesema nini.

Kwenye ile EP yake ya kwanza, "I Am Zuchu", kuna wimbo aliomshirikisha mama yake, "Mauzauza". Usikilizeni usiku, wakati nyumba imetulia. Sauti ya mama nzito, imekomaa, imebeba miaka ya vumbi la majukwaa. Ya binti laini. Hazigombani. Kila moja inaiachia nyingine njia, kama watu wawili wanaopishana kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, huyu anageuza bega, yule anageuza bega, wanapita. Msanii mwingine angeogopa kusimama karibu na mzazi mwenye sauti kama ile katika kazi yake ya kwanza kabisa. Yeye alimwita, akamkaribisha, na kwa kufanya hivyo akawaleta kina mama wa taarab kwenye muziki wa watoto wao. Mama yangu mdogo hajawahi kusikiliza bongo fleva kwa hiari yake. Huo aliusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu amelelewa."

Na "Sukari" je? Watu wanaichukulia kuwa wimbo mwepesi wa kuchezea. Wepesi wake una asili. Washairi wetu wa taarab wamekuwa wakimsifu mpenzi kwa asali, tende, halua, kwa waridi na asumini, vizazi na vizazi. Kitu unachokionja au kukinusa kinabebeshwa kile ambacho adabu hairuhusu kukitaja. Yeye alichukua kitu cha kila jikoni, kitu ambacho mtoto wa miaka mitatu anakijua, akakifanya kiitikio. Mtoto anaimba sukari ya chai. Mtu mzima anajua anaimba nini. Ni ule ule ustadi wa mama yake wa kusema jambo bila kulisema, umevalishwa biti ya leo.

Nigusie pia upande wa mkataba, kwa haraka, maana najua wapo humu wanaoota kusainiwa. Lebo ni mtaji. Inalipa studio, video, mavazi, promo, safari, na kwa kufanya hivyo inakuwa na fungu lake. Wasafi wenyewe wamepitiwa na wengi. Harmonize, wa kwanza kusainiwa pale, aliondoka 2019. Rayvanny akaondoka 2022. Kabla ya Zuchu msanii wa kike pale alikuwa Queen Darleen peke yake. Kila mmoja ana hesabu zake na mimi si wa kuzihukumu. Ninalowaomba ni kuwa karatasi ikiletwa mbele yako, ipeleke kwa mtu anayejua sheria aisome kabla hujaweka sahihi, hata kama aliyekuletea ni shujaa wako, hata kama mkono unakutetemeka kwa furaha. Hasa kama unatetemeka kwa furaha.

Turudi kwa wazazi, maana wao ndio nilikuja kwa ajili yao na wameniangalia kwa subira.

Mama zangu, mtoto wako hana mama aitwaye Khadija Kopa. Ana wewe. Na wewe huenda hujui ubeti wala kinanda. Lakini yale aliyopewa Zuhura nyumbani, mengi yake hayahitaji mzazi awe mwimbaji. Yanahitaji mzazi asiyeona aibu. Mtoto akiimba jikoni, usimwambie nyamaza, mwambie matamshi hayo hayasikiki, rudia. Nenda naye mazoezini, kaa kule nyuma na ufumaji wako, watu wote waone kuwa binti huyu amekuja na mama yake. Anayetaka kumchezea atamwona mama kwanza. Akipata shoo, panda naye gari uende, urudi naye. Heshima ya mtoto wa kike jukwaani inalindwa namna hiyo, na mimi nimeona ikifanya kazi kwa wasichana wanne wa darasa langu ambao mama zao wako hapa jioni hii, na sitawataja maana wataniona nawaaibisha, lakini wanajijua.

Na usimhesabie mtoto miaka. Huyu wetu tunayemzungumza alitambulishwa akiwa na miaka 26. Jirani angeweza kusema, "Bado unaimba tu? Wenzako wameolewa." Bila shaka yalisemwa mengi ya namna hiyo kwa wasichana wa rika lake, kwani nayasikia yakisemwa kwa wangu kila wiki. Nawaomba, mkiyasikia yakisemwa, mjibu nyinyi. Mtoto mwachieni aendelee na mazoezi.

Nimesema ya kutosha na naona mpiga kinanda anatazama saa. Wanangu, karatasi ziwekeni chini. Ubeti wa kwanza mnaujua, na mkisahau neno, vuteni pumzi, msubiri fidla irudi, mwingie tena. Mama aliyeshika noti pale nyuma, nimekuona, mama yangu. Usiitoe mpaka usikie mstari wako.

Binti wa mwisho kulia, wewe, ndiyo. Njoo mbele. Kipaza sauti ni chako.